Buti la Kushoto la Bwana Shamba

Kwao hasa ni kijiji gani, baba yake alikuwa nani, alisomea wapi: hayo waulizeni Wazigua wenzake wa Handeni. Wao watawaeleza mpaka chai ipoe. Mimi nilimkuta Korogwe akiwa tayari Bwana Shamba, na sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina, hata mkewe. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa, wakulima hawakubadili kitu. Waliendelea kumwita Bwana Shamba na kumletea majani yenye madoa, wameyafunga kwenye gazeti. Aliyapokea, akayageuza juu na chini, akauliza mvua ilinyesha lini. Kisha akasema, "Hii siku hizi dawa yake iko dukani, nendeni mkanunue," kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Alikuwa mfupi, kifua mbele, mikono nyuma, shati la kaki lenye kalamu mfukoni hata baada ya kuwa hana cha kuandika. Hakuweza kupita shamba la mtu bila kuingia. Siku moja tulikuwa tunasindikiza maiti, jeneza liko mbele, wanawake wanaimba, yeye akachepuka. Tulipogeuka tukamwona ameinama kwenye mahindi ya jirani, anang'oa kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi. Akalitia mfukoni, akarudi kwenye msafara, akaimba na wenzake. Nilipomwambia hana haya alijibu kwamba marehemu alikuwa na nafasi ya kungoja, mahindi hayakuwa nayo.

Niliweza kumwambia hana haya kwa sababu mimi ni mtani wake. Babu yangu aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, akiwa manamba, akafia kambini Korogwe. Tabora yenyewe sijafika, lakini kwa Mzigua hilo si kitu: Mnyamwezi ni Mnyamwezi, na sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara. Kwa asiyejua utani wetu, mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu nyumbani kwako bila kuomba, akakaa nacho mpaka ukikomboe. Siku ya maziko yako anaweza kuingia kaburini kabla yako na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wewe huruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Umri wake ulikuwa wa kunizaa. Mzee mwingine yeyote wa umri ule nilimpa shikamoo yake. Yeye nilimwambia, "Mtumwa wangu, umeamka?"

Naye alijibu, "Nimeamka, nangoja ufe nile ubwabwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, kila siku, mbele ya kila mtu, kwa miaka.

Nami wakati ule nilihitaji mtu wa kunitukana. Nilikuwa nesi kwenye zahanati ya shamba la mkonge. Shamba likapata mwenyewe mpya, mwenyewe mpya hakuwa na haja na zahanati, nikaishia kuuza vidonge kwenye duka la dawa karibu na stendi ya mabasi. Watu walikuwa wanakufa sana miaka ile, vijana kwa wazee, na wengine niliwahudumia mwenyewe nikiwajua tangu utoto. Mwanzoni nililia. Halafu nikaacha. Nilisikia habari ya msiba, nikafunga kanga, nikaenda, nikarudi, nikapika. Nilikuwa nimekufa ganzi, na sikulalamika, kwa sababu ganzi haiumi.

Aliyegundua ni Bwana Shamba. Aliingia dukani siku moja, akanitukana matusi mazuri, nikamjibu moja tu, la kawaida. Akanitazama. Akasema, "Huyu mtani wangu amekufa kabla sijapata ubwabwa. Jumamosi utakuja na sisi."

"Na sisi" maana yake yeye na Karani wa posta, Msambaa wa Soni, mtu mpole aliyeomba radhi hata kwa mlango alipougonga. Walikuwa wamepanga kwenda kupanda Kilimanjaro kwenye likizo ya Karani, kipupwe kikiisha, na kabla ya hapo kujizoesha kila Jumamosi kwenye milima ya Usambara. Nilidhani ni mzaha. Watanzania tunaopanda mlima ule ni wale tunaowabebea Wazungu mizigo. Nikamuuliza Bwana Shamba anakwenda kutafuta nini huko.

"Miaka yote nimetembea," alisema. "Sindeni, Mkata, Kwamsisi, vijiji ambavyo gari haliendi. Kila mahali nilipokwenda nilikuwa nimetumwa. Sasa nataka safari moja ambayo sikutumwa. Moja tu, ndipo nikae."

Hakulisema kama utani. Lilikuwa jambo pekee nililowahi kumsikia akilisema bila kunitukana kwanza au baadaye, na ndiyo maana nikaenda.

Jumamosi alfajiri tulipanda basi mpaka Mombo, tukanunua mayai ya kuchemsha kwa wale wanaokimbilia madirishani, tukaiacha barabara kuu na kuanza kupanda kuelekea Soni. Barabara ya gari inazunguka sana. Sisi tulikata njia za mkato baina ya kona na kona, kwenye migomba na mawe. Bwana Shamba alichagua kipupwe makusudi. Alisema mtu wa Handeni hajui baridi, akienda nayo kwa mara ya kwanza kule juu itamla, kwa hiyo aizoee hapa kwa Wasambaa, ambako ni bure. Tulipofika juu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, nguo zimelowa bila mvua kunyesha. Meno yangu yaligongana. Vidole viliniuma. Nilikuwa nimesahau kwamba vinaweza.

Wiki nyingine tulianzia Mkumbara, tukafuata mteremko mkali ambako Mjerumani alikuwa akishusha magogo kwa kamba ya chuma. Hapo ndipo mama mmoja alipotoka shambani na jembe mkononi, akasimama katikati ya njia.

"Mmekuja kupima ardhi?" aliuliza.

"Hapana, mama. Tunatembea tu."

"Hakuna mtu anayetembea tu. Waliokuja kule ng'ambo nao walisema wanatembea. Sasa kuna nguzo."

Karani alianza kuomba radhi kwa Kishambaa. Bwana Shamba alimpita, akainama kwenye maharage ya yule mama, akageuza jani, akamuuliza alipanda lini na kwa nini amebananisha mistari hivi. Wakabishana muda mrefu. Tulipoondoka tulikuwa na boga, na Karani ndiye aliyelibeba mpaka juu na kulirudisha mpaka chini.

Na kule kwao Handeni, alikotupeleka mara moja tuzoee jua, tulikutana na mzee wa Kimasai na ng'ombe wake, tukiwa hatuna mzigo wala mifugo wala njia ya maana. Mzee alitutazama tukija, akatutazama tukipita, kisha akaita, "Nyie! Mmepotelewa na nini?" Bwana Shamba alijibu kwamba hatukupotelewa na kitu. Mzee alifikiri. Kisha akatupa maziwa kwenye kibuyu, tukanywa, akatuonyesha kwa fimbo barabara ya kwenda mjini hospitali.

Alikuwa mwalimu wa wakulima, ni kweli, lakini msidhani aliyafuata aliyofundisha. Aliwaambia watu wa Handeni wapande mtama kwa sababu mahindi yatawaangusha, na mwenyewe ugali wa mtama hakuugusa. Aliwaambia wachemshe maji, naye alikunywa kwenye kila kijito. Na sukari. Miaka ya foleni, sukari ilipokuwa ya kupimiwa kwa kikombe na kufichwa chini ya kitanda, alikunywa chai chungu bila kunung'unika. Soko lilipoachiwa huru, maduka yakajaa, akawa anakoroga chai mpaka kijiko kinakaribia kusimama. "Nafidia," alisema. Mkewe alimfichia kopo. Alinunua jingine akalificha yeye.

Njiani alikunywa maji kuliko sisi wote, na kila baada ya kona alichepuka kwenda kukojoa. "Mbwa anaweka mipaka ya shamba lake," nilimwambia. Alicheka sana, akaomba maji tena.

Mabuti aliyanunua mnadani, kwenye marobota ya mitumba. Yalikuwa ya Ulaya, ya ngozi nene, ya mtu mwenye mguu mwembamba kuliko wake. Mimi na Karani tulimwambia yanambana. Alisema hayambani hata kidogo, miaka yote hajapata kiatu laini kama kile, akivaa ni kama hakuvaa kitu. Aliyapaka rangi kila Ijumaa jioni na kuyapanga mlangoni, vidole vikielekea nje. Alikuwa na msemo wake: ripoti ya ofisi huandikwa kwa mkono, ya shamba huandikwa kwa mguu. Sasa aliongeza kwamba kalamu hatimaye ameipata.

Siku ya moto tulikuwa juu ya Soni, kwa shangazi yake Karani. Baridi ilikuwa kali kuliko siku zote. Shangazi alituwashia kuni, tukavua mabuti yaliyolowa, tukanyoosha miguu. Bwana Shamba alikuwa anasimulia jinsi afisa mmoja alivyotumbukia kwenye shimo la mbolea. Nikasikia harufu ya sufu inaungua. Soksi yake ya kushoto ilikuwa inatoa moshi, mguu umeegemea kijinga cha moto, naye anaendelea kusimulia. Karani aliuvuta mguu kwa nguvu. Bwana Shamba alishangaa. Akatazama soksi, akacheka kuliko sisi sote.

Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Nikamwambia avue soksi. Chini ya unyayo, pale kidole gumba kinapoanzia, palikuwa na punje ya hindi. Ilikuwa imo ndani ya buti tangu asubuhi, labda tangu Jumamosi iliyopita, na alikuwa ameipandia mlima wote mpaka ikazama nyamani. Pembeni nyama ilikuwa imebadilika rangi. Niliibonyeza. Nikamuuliza anasikia nini.

"Nasikia mikono ya Mnyamwezi," alisema. "Tazameni, sasa nalima mguuni!"

Hata shangazi alicheka. Niliitoa punje kwa sindano, hakujikunyata.

Kazi yangu naijua. Nilimwambia hapo hapo kwamba hii ni sukari, kwamba mguu umekufa ganzi, asivae tena mabuti yale, Jumatatu aende hospitali, na asipokwenda watamkata. Nilisema taratibu, kwa maneno ya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yanamng'aa.

"Karani, umesikia?" alisema. "Mtani amenitabiria. Basi nitaishi miaka mia."

Hapo ndipo penye tatizo letu, na sijui kama kuna watu wengine wanalo. Mtani akikutabiria mabaya, hiyo ni dua. Kadiri anavyotisha ndivyo anavyokupenda. Hakuna ubaya ambao ningeweza kumwambia yule mzee akauamini, kwa sababu kwa miaka yote nilikuwa nikimwambia mabaya, naye akinishukuru.

Nikamwomba Karani amwambie. Karani alikwenda, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mgosi, labda upumzike kidogo wiki hii, kama haitakuwa usumbufu." Bwana Shamba alimwambia haitakuwa usumbufu kupumzika akishafika kileleni. Nikamwendea mkewe. Aliniambia sisimizi wanajaa pale mumewe anapokojoa, na ana hofu. Alimwambia usiku ule ule, na Bwana Shamba akamjibu, "Mtani wangu amekutuma," akalala vizuri.

Mwisho nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilikwenda kwake mchana, nikasimama mlangoni, nikapiga magoti kama binti mwenye adabu.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, mpaka machozi yakamtoka, akamwita mkewe aje aone. Alisema huo ndio utani bora aliowahi kufanyiwa na kabila lolote. "Marahaba, mtumwa wangu! Marahaba!"

Jumamosi ile alipanda na Karani. Mimi sikwenda. Jumamosi iliyofuata hakupanda, alikuwa na homa, na mguu ulianza kunuka. Walianza na vidole. Halafu wakaja chini ya goti. Nilikuwapo hospitalini, nilimshikia mkewe mkoba. Watu wananiuliza kama niliumia. Sikusikia kitu. Nilirudi dukani, nikafungua, nikauza vidonge.

Alipotoka walihamia Handeni, kwa ndugu zake. Likizo ya Karani ikafika, ikapita, hakuna aliyetaja mlima. Msimu wa mvua ukapita, kipupwe kikaja tena. Ndipo nikapanda basi kwenda kumwona, vumbi mpaka kwenye kope.

Nilimkuta uani, kwenye kigoda, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Suruali upande wa kushoto ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini. Magongo yameegemezwa ukutani. Shati la kaki, kalamu mfukoni. Mkewe alinikumbatia, akanipa kiti. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na lililotoka ni hili:

"Shikamoo, Bwana Shamba. Pole sana."

Safari hii hakucheka. Mikono yake ilisimama juu ya gunzi.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa mbona unaniamkia?"

Nilikaa kwenye kiti nilichopewa.

"Pole nimeletewa na tarafa nzima," alisema. "Zimejaa ghala. Wanakuja, wanautazama huu uliobaki, wanashusha macho, wanasema pole. Nilikuwa nangoja mtu mmoja aje anitukane. Nilimwambia mama hapa, Mnyamwezi akija tutacheka. Unakuja unaniamkia kama mkwe." Akapukuchua mstari mmoja wa punje. "Mlikwenda?"

"Wapi?"

"Unajua wapi."

"Hatukwenda."

Aliliweka gunzi chini. "Nimetoa mguu mzima," alisema, "na ninyi wenye miwili miwili mkakaa?"

Nilimtazama usoni, sikuweza kujua kama ni utani au ni kweli. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi yeye alivyonisikia mimi kando ya moto kule Soni.

Nikageuza macho, nikayaona mabuti. Yalikuwa mlangoni, yote mawili, yamepakwa rangi, vidole vikielekea nje. Nilisimama, nikavuka ua, nikachukua la kushoto, nikalitia kwapani.

"Hili nachukua," nilisema. "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe, mtumwa wangu, hukuridhika kuvunjika, umeligawa kabisa. Sasa buti hili la nini kwako, utapandia mbegu? Utalikomboa."

Mkewe alishika mdomo. Kisha Bwana Shamba akaanza kutikisika, ungo ukamwagika, kuku wakaja mbio, naye anapiga kelele, "Mwizi! Mama, shika mwizi! Mnyamwezi kaniibia kiatu, na mimi siwezi kumkimbiza!" Alicheka mpaka akachoka. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na mboga chungu ya mchunga, akanitukana chakula chote, nami nikamrudishia. Chai ilipokuja aliinywa bila sukari, akiwa amekunja uso.

Nilipoaga nilimuuliza atalikomboa buti kwa kitu gani. Kuku? Mahindi?

"Silikomboi kwa kitu," alisema. "Lipeleke kule juu. Likifika likarudi, ndipo tutazungumza." Nilitaka kumjibu, akanyoosha mkono kunizuia. "Maisha yangu yote nimetumwa. Leo natuma mimi. Nenda, basi litakuacha."

Kwenye basi nililipakata buti, lile moja. Konda alikuja kudai nauli, akalitazama, akatazama miguuni pangu, akatazama chini ya kiti.

"Dada, hilo buti moja unalipeleka wapi?"

"Limetumwa Kilimanjaro," nilimjibu.

Alicheka kwa nguvu, akawaambia abiria wa nyuma, nao wakacheka. Mimi nilianza kulia. Nililia mpaka Korogwe, na aliyekaa jirani yangu akaniachia kiti kizima.